Kofia ya felti ya babu ina kuvu na imekuwa ndogo, na mimi nimepata faroma ya zamani: nianzie wapi?

"Shikamoo fundi. Babu yetu alikuwa karani bandarini Kilindini, na kofia yake ya felti ya kijivu, ile ya ukingo na utepe mweusi, imekaa kabatini kwenye nyumba ya Mji wa Kale tangu afariki. Juzi tumeitoa. Ina kuvu nyeupe huku na huku, matundu mawili madogo ya nondo kwenye ukingo, pale mbele panapofinywa pameanza kupasuka kidogo, ukingo wenyewe unapanda na kushuka, na ngozi ya ndani imekakamaa kabisa. Ndani imeandikwa 7. Kichwa changu ni sentimita 58 na hainiingii, nafikiri imerudi. Kwa muuza vitu vya zamani nimepata faroma ya mbao, ile kalibu ya kuvikia kofia, iliyochongwa namba 7 1/8, kidude cha mbao kama kiatu kidogo, na kile kifaa cha mbao mbili zenye skrubu katikati cha kupanulia. Mama anasema niifue kwa sabuni ya unga, niipige wanga, niivike faroma nianike darini juani kama kofia za viua. Rafiki yangu anasema niitumbukize kwenye maji moto ndiyo itavutika. Pia tunayo pasi ya mkaa ya bibi. Nataka kuivaa kwenye harusi ya dada mwezi ujao. Nifanyeje?"

Marahaba mwanangu, na Mungu amrehemu babu. Kwa ulivyoieleza kofia haijafa, usiwe na wasiwasi, ila ningekuomba sabuni ya unga irudi ilikotoka, wanga nao urudi jikoni, na hiyo pasi ya mkaa iwekwe kando, tutaizungumzia mwisho. Wewe unaogopa kwamba felti imesinyaa, na kwa vile umepata vifaa vya kuivutia basi unataka kujua uivute vipi. Mimi nikisoma hapo kwenye ngozi iliyokakamaa nashuku felti haina kosa kubwa, anayebana ni hiyo ngozi. Nitakueleza kwa nini, lakini tuanze na kofia yenyewe ni kitu gani, maana ushauri wote uliopewa unaharibikia hapo.

Mama hajakosea kuhusu kofia za viua. Kofia ya viua ni kitambaa cha pamba, imeshonwa kwa mkono, na pamba haiogopi maji wala sabuni wala jua, ndiyo maana inafuliwa inapigwa wanga inavikwa faroma inaanikwa na jioni mtu anaivaa kwenda msikitini imesimama vizuri. Felti haikufumwa wala haikushonwa. Ni nywele za mnyama, zile kofia nzuri za zamani ni sungura au biva, yule mnyama wa mitoni wa nchi za baridi, za bei ya chini ni sufi ya kondoo, zimeshikana zenyewe kwa zenyewe basi, hakuna uzi. Unywele mmoja ukiutizama kwa darubini utaona una magamba na yote yameelekea nchani. Ukiutia maji na joto magamba yanainuka, ukiusugua unatambaa kuelekea upande wa shina, na kwa vile magamba yanakwama kwa jirani zake unaweza kwenda mbele tu, kurudi nyuma hauwezi. Sasa zidisha hiyo kwa nywele zisizohesabika. Kiwandani wanaanza na koni kubwa nyepesi ya nywele, kubwa kuliko kofia mara kadhaa, wanaipiga maji moto na kuisukasuka mpaka inasinyaa inakuwa nzito na imara. Kwa hivyo wewe ukiitia kofia ya babu kwenye beseni la maji moto na sabuni ukaifikicha, hapo huifui, unaendeleza kazi ya kiwandani, na ikishasinyaa namna hiyo hakuna fundi wa kuirudisha, si mimi si mwengine.

Lakini joto na unyevu bila kusugua ni habari nyengine. Ndani ya unywele kuna vifungo vidogo vidogo vinavyoushikilia umbo, maji na joto vinavilegeza, na unywele ukikauka na kupoa vinafungana upya pale pale ulipoachwa. Dada zako wanajua hili, saluni wanazungusha rola kwenye nywele mbichi wanakaa chini ya draya na mawimbi yanabaki, ukizitoa rola kabla hazijakauka kazi yote bure. Felti ni hivyo hivyo. Mvuke unailainisha, faroma inaipa umbo, na kukauka ndiko kunakolifunga umbo. Hiyo ndiyo siri yote ya kazi hii, vifaa vyote unavyoviona ni njia tu za kushika umbo mpaka nywele zikauke.

Sasa ngozi. Ule mkanda wa ndani ulinyonya jasho la babu miaka yote, jasho lina chumvi, na hewa yetu ya pwani inalowesha na kukausha kila msimu, masika kabati lote linanuka unyevu halafu inakuja kaskazi inakausha. Ngozi ikienda hivyo miaka mingi inakaza, inapungua urefu, na kwa kuwa imeshonwa kwenye felti mzunguko mzima inaivuta felti nayo. Ndiyo hapo ukingo unapiga mawimbi: mzunguko wa ndani umevutwa umekuwa mfupi, ukingo wa nje umebaki na urefu wake ule ule, huo urefu wa ziada hauna pa kwenda isipokuwa kupanda na kushuka. Watu wengi wanaona mawimbi wanakimbilia kupiga ukingo pasi, wanapiga na kupiga, kesho yake mawimbi yamerudi, kwa sababu anayeyaleta yuko ndani bado anavuta.

Kwa hivyo kazi ya kwanza ni kufumua ngozi. Piga picha kwanza, ndani, nje, na utepe kwa karibu, ili ukumbuke kila kitu kilikaaje. Kwenye kofia za kiume fundo la utepe hukaa kushoto, na maungio ya ngozi hukaa nyuma. Kunjua ngozi itokeze nje, utaona mshono mdogo mdogo unaoishikilia kwenye felti, tumia ncha ya wembe mpya au mkasi mdogo wa kucha ukate uzi, uzi tu, sindano moja baada ya nyengine, usivute. Ukivuta ngozi iliyokakamaa inapasuka na saa nyengine inatoka na kipande cha felti. Chini ya ngozi mara nyingi kuna kijikaratasi cha saizi, kihifadhi. Na hata kama ngozi ingekuwa nzima bado isingepigwa mvuke, ngozi kuukuu ikipata joto lenye maji inajikunja papo hapo inakuwa ngumu na hairudi tena. Wengi wameua kofia zao hapo wakidhani wanazisaidia.

Ikishatoka iache kofia siku moja au mbili bila kuigusa halafu pima ndani ya felti kwa tepu ya fundi cherahani, pale pale ngozi ilipokuwa. Usishangae ukikuta imeshaanza kufunguka yenyewe.

Hapo kwenye namba kuna mtego. Saizi ya kofia kwa Waingereza na Wamarekani ni mzunguko wa kichwa kwa inchi uliogawanywa kwa pai (3.14), yaani kipenyo cha wastani, ila Mwingereza anaandika namba iliyo chini kwa 1/8. Sentimita 57 kwa Mwingereza ni 7, kwa Mmarekani ni 7 1/8. Sentimita 58 kwa Mwingereza ni 7 1/8, kwa Mmarekani 7 1/4. Kama kofia ya babu ni ya Kiingereza, na za enzi zile hapa nyingi zilikuwa za kutoka huko, kwenye miji ya kofia kama Luton na Stockport, basi ilikuwa 57 tangu dukani. Wewe ni 58. Tofauti ni sentimita moja, na felti ya sungura iliyo nzima inakubali sentimita moja bila matatizo. Mbili ni kubahatisha. Ikiwa ni ya Kimarekani ile 7 ni 56, basi mwanangu tuseme ukweli, hiyo ilikuwa ya kichwa cha babu na itabaki hivyo.

Na faroma usiiamini namba iliyochongwa, ipime yenyewe pale chini kabisa. Kumbuka ngozi mpya itachukua nafasi, ngozi ya unene wa milimita moja ikizunguka ndani inakula kama milimita sita za mzunguko, kwa hivyo kwa kichwa cha 58 unataka felti ndani iwe kama 58 na nusu hivi. Faroma ikiwa 57 haitakusaidia kuongeza, itakusaidia umbo tu. Unaweza kuizungushia vitambaa vyembamba vya pamba kuiongeza nusu sentimita, lakini zungusha sawasawa, palipo na tuta ndani patatokeza tuta nje.

Jengine, faroma ni ya duara dufu la kawaida na kichwa chako huenda si cha kawaida, kuna vichwa virefu na kuna vya mviringo. Mafundi wa zamani walikuwa na konformata, chombo kilichobuniwa Ufaransa karne ya 19, unavikwa kichwani kina vijiti vinavyoteleza kila upande vinafuata mabonde na milima ya kichwa chako halafu juu vinatoboa karatasi ramani yake ndogo. Ukikiona kimoja mtaani nipigie mbio. Huna haja nacho kwa kofia moja, chukua waya laini uzungushe kichwani usawa wa paji, utoe polepole uchore kwenye karatasi, utaona tu kama wewe ni mrefu au mviringo.

Kabla ya mvuke kuna afya, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Kofia za zamani za nywele za sungura na biva zilitayarishwa kwa dawa yenye zebaki, manyoya yalipakwa ili yashikane haraka. Mafundi waliovuta huo mvuke miaka mingi walitetemeka mikono, wakabadilika tabia, na mji wa Danbury huko Connecticut ugonjwa huo ulipewa jina la mji. Marekani zebaki kwenye felti ilipigwa marufuku 1941. Za sufi ya kondoo kwa kawaida hazikuhitaji hiyo dawa. Wewe hujui ya babu ni ya mwaka gani, kwa hivyo ichukulie kama inayo. Sikutishi, kufanya kofia moja uwanjani si sawa na kushinda kiwandani miaka 20, lakini usiipige msasa mkavu, usiipigie mvuke chumbani madirisha yamefungwa, vaa maski nzuri na glavu, watoto wakae mbali, na sufuria au birika utakalotumia lisirudi kupika chai.

Halafu nondo. Yale matundu hayakufanywa na kipepeo unayemwona akiruka, ni mabuu yake, na mayai huenda bado yamo kwenye nywele. Funga kofia kwenye mfuko wa nailoni, toa hewa kiasi bila kuibonyeza, ziba kwa selotepu, uiweke kwenye friza la nyuzi 18 chini ya sifuri wiki mbili. Lile friza la barafu la jirani linafaa, mwambie tu asiligeuze sanduku kila akichukua barafu. Ukiitoa usifungue mfuko mpaka ipate joto la chumba, maana ukifungua mapema na hii hewa yetu majimaji yote yatatua kwenye felti. Nafthalini siipendi, harufu haitoki, na kuna watoto wengi pwani damu zao zina upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe za damu, ambao wakivuta au wakivikwa nguo zilizokaa nayo damu inaharibika, kwa hivyo nyumba yenye mtoto mchanga usiiweke kabisa.

Kuvu sasa. Kuvu mbichi ukiipiga brashi inapakaa, inaingia ndani ya nywele, kwa hivyo iache ikauke kwanza kivulini penye upepo. Ikiwa kavu inakuwa unga. Toka nje, simama upepo ukupige mgongoni, maski usoni, upige brashi laini kwa mipigo mifupi kwenda mbali na wewe. Ukiwa na pumu mpe mwengine kazi hii. Baadaye ndiyo unapiga brashi ya kawaida, na kofia ukiitizama kutoka juu brashi iende kinyume na saa, ndivyo nywele zilivyolazwa. Alama za mafuta na jasho pale karibu na utepe zinyunyizie kornflawa, iache usiku kucha inyonye, asubuhi ipige brashi. Mara nyengine unarudia. Doa la jasho la miaka mingi halitoki lote, litafifia, na utepe utalifunika, usilipige vita mpaka ukamaliza felti.

Haya, tumefika kwenye mvuke. Toa utepe nao, fumua vile vile. Vika faroma nailoni nyepesi isiyo na mikunjo ili mbao isitie rangi kwenye felti. Chemsha birika mpaka mdomo utoe mvuke wa nguvu, shika kofia kwa ukingo, ndani ikitazama mvuke, kama sentimita 15 hivi, na uizungushe bila kusimama. Usingoje ilowe. Unasikiliza kwa vidole: mwanzoni inakatalia, ina ukavu wa karatasi nene, halafu ghafla inakubali, inalegea mkononi na mikunjo ya babu pale juu na mbele inaanza kujifungua yenyewe. Ukifika hapo, ivike faroma haraka, bonyeza juu kwa kiganja, halafu vuta chini kwa mikono miwili pande zinazotazamana, mbele na nyuma, kushoto na kulia, kidogo kidogo. Usivute upande mmoja. Ikipoa kabla hujafika rudi kwenye mvuke, hakuna haraka. Ikikaa, funga kamba ya pamba kuzunguka kichwa cha kofia na uisukume chini mpaka pale kichwa kinapokutana na ukingo.

Hicho kidude chako cha kama kiatu ndicho kazi yake hapa. Mafundi wa Kiingereza wanakiita tolika, unakipitisha kwenye ile kona ya kichwa na ukingo kuikandamiza felti iingie vizuri na kona iwe kali. Angalia makali yake kwanza, kama kuna mbao imechomoka isugue, maana inachora felti mstari usiofutika. Na kile kifaa cha skrubu si faroma, watu wanachanganya. Kile kinafungua mbele na nyuma tu, ni cha kulegeza kofia iliyokamilika inayobana kidogo, unazungusha nusu raundi unangoja mpaka kesho. Ukikizungusha kwa nguvu kwenye kofia yenye ufa mbele, na yako inao, ufa utafika juu. Kiweke tu kabatini kwanza.

Kukausha ndiko watu wanakoharibu. Vitabu vya nchi za baridi vinasema siku moja kwenye faroma, kwetu na huu unyevu mimi naacha mbili au tatu, feni ya mbali, kivulini, si darini. Jua linapausha rangi na linakausha upande mmoja kabla ya mwengine, basi upande uliokauka unauvuta ulio mbichi na kofia inatoka imepinda. Utajuaje imekauka? Weka mgongo wa mkono kwenye felti halafu kwenye meza. Kama felti ina ubaridi kuliko meza bado kuna maji yanatoka. Ngoja.

Ule ufa wa mbele umetokana na kuishika kofia pale kwenye kifinyo kila ukiivua, nywele zinakunjwa mahali pamoja mara elfu mpaka zinakatika. Zilizokatika hazioti tena. Ukishaifungua mikunjo yote kwenye faroma, usirudishe kifinyo pale pale, kisogeze kidogo, na kwa ndani bandika kipande chembamba cha felti kwa gundi laini kidogo sana kishike zile kingo mbili. Ufanye baada ya faroma, si kabla, kwa sababu gundi haivutiki na felti inavutika. Ufa ukiwa mrefu kuliko ukucha wa kidole kidogo au ukiutizama juani unaona mwanga ng'ambo, usiivute kabisa hiyo kofia hata nusu sentimita. Matundu ya nondo kwenye ukingo ni rahisi kuliko unavyofikiri: kwangua nywele kidogo kutoka sehemu iliyofichwa chini ya ngozi, rangi ni ile ile, zipakie kwenye tundu kwa ncha ya sindano kutoka chini na tone la gundi, zikikauka zilaze kwa mvuke kidogo na kidole. Ukiwa karibu utaona, mtu wa meza ya pili harusini hataona.

Ukingo ushughulikie mwisho, na huenda mawimbi yakawa yameshapungua nusu baada ya ngozi kutoka. Weka juu ya meza tambarare kichwa kikining'inia nje, au kata tundu kwenye plaiwudi, funika kitambaa cha pamba kibichi kilichokamuliwa vizuri, pasi ya umeme kwenye joto la sufi, bonyeza uinue, bonyeza uinue, usiburute. Ukiburuta unaunyoosha ukingo na mawimbi yanazidi.

Ikitoka imelegea sana kuna shelaki, ile ya maseremala wa kung'arisha fanicha, inatokana na mdudu wa India na inayeyuka kwenye spiriti wala si kwenye maji, ndiyo maana jasho haliitoi. Iyeyushe iwe nyepesi sana, paka upande wa ndani tu, brashi karibu kavu, na jiko liwe limezimwa kabisa maana spiriti inadaka moto hata ukiwa mbali. Nyingi inatokeza weupe nje. Wanga usiutie kamwe, unabaki juu ya nywele unapauka, na kwa unyevu wetu ni chakula cha kuvu na mende.

Sasa tuzungumze kama watu wazima kuhusu harusi. Wiki mbili za friza, siku za kukausha kuvu, faroma, ngozi mpya, mwezi utakwisha. Unaweza kuchagua kusafisha tu na kuiweka kama kumbukumbu ya babu, na hiyo si kushindwa. Unaweza kusafisha, kufumua ngozi, na mvuke mwepesi wa mikono bila kuvuta, na kwa yako mimi ningeshauri hivyo kwa sasa. Au uende mpaka mwisho, kuvuta sentimita moja, lakini si kabla hujajaribu kwenye kofia nyengine. Nenda Kongowea kwenye mitumba utafute kofia yoyote ya felti, hata ya sufi iliyobonyea, uifanyie yote haya kwanza. Mikono itajifunza pale kiasi gani ni kingi, kwa maneno siwezi kukupa hilo. Na za sufi zinarudi haraka kuliko za sungura, ukiiweza ile ya babu utaiona rahisi.

Ngozi mpya hutaipata dukani hapa kirahisi, lakini fundi mzuri wa viatu anayefanya kazi za ngozi laini anaweza kukukatia mkanda wa ngozi ya mbuzi kwa kufuata ile ya zamani, urefu aongeze kulingana na kipimo kipya. Usiitupe ya zamani hata ikivunjika vipande, ndiyo patani yake. Kushona rudi kwenye matundu yale yale ya sindano, usitoboe mapya.

Kuna mambo usiyafanye mwenyewe. Ufa ule mrefu niliousema. Felti ambayo ukiivuta kidogo kwa vidole unasikia inatoa sauti ya kukatika. Matundu mengi pale juu kichwani. Hizo mlete mtu mwenye uzoefu aishike mkononi, picha hazitoshi, mimi mwenyewe kwa picha nisingethubutu kusema. Na kama umeshaipiga msasa au umefanya mvuke ndani ya chumba na sasa unajisikia kichwa, kikohozi, mikono kutetemeka, acha kofia uende hospitali uwaambie wazi ulikuwa unafanya nini, usione haya.

Kama nyumbani pia kuna tarbushi, na nyumba nyingi za Mji wa Kale zinazo, usiitie kwenye faroma hii. Nayo ni felti lakini imekandamizwa kwenye kalibu za shaba zilizopashwa moto, ndiyo maana imesimama wima hivyo, Cairo bado wapo mafundi wanaofanya kwa kalibu hizo mpaka leo. Ipige brashi tu, iweke.

Na pasi ya mkaa ya bibi. Najua inavutia, ina uzito mzuri na mafundi wa zamani walipenda pasi nzito. Lakini huwezi kujua ina joto gani, na inatema majivu na cheche pale kwenye matundu, cheche moja kwenye felti ya kijivu ni tundu la tatu. Ukitaka uzito wake, itumie baridi, bila mkaa, uifute vizuri masizi uifunge kitambaa safi, uiegeshe juu ya ukingo uliokwisha kupigwa mvuke ukae tambarare wakati unakauka. Hapo inafaa kweli.